Tekla, Kikombe Chako Kiko Nyumbani

Ni mwaka mmoja sasa, Tekla, tangu tukulaze hapa Masieda nyuma ya nyumba ya mama, na nikisema nimeupitisha mwaka huo kwa upole nitakuwa naongopa. Ndugu wamenituma niandike mimi Perpetua kwa kuwa ndiye mkubwa, na wamenisihi niweke maneno laini kama wanavyoweka wenzetu gazetini. Nimewaambia nitajaribu. Wewe unanijua, mdogo wangu, usishangae nikishindwa.

Nianze na mazuri yako, maana ni mengi. Ulikuwa nesi na mkunga wa zahanati ya shamba la ngano kule tambarare ya Hanang, na waliopita kwako walikujua kwa mikono. Ulikuwa unaisugua mpaka ipate joto ndipo umguse mama mjamzito. "Tumbo la mtu siyo meza, dada," uliniambia. "Ukimwekea mkono wa baridi anajikunja, na mtoto naye anajikunja." Ukija likizo, mzigo hujautua unauliza nani mgonjwa hapa kijijini. Mtoto wa jirani akipita na kucha ndefu umeshamkamata, umemkalisha, unamkata, naye analia kama anachinjwa. Ukicheka ulikuwa unaziba mdomo kwa ajili ya lile pengo la mbele. Viazi vitamu ulivitaka vilivyolala, vya moto ulisema ni kazi kuvila.

Na ulikuwa unaamkia watu. Wazee wa Kibarabaigi walikuja zahanati na shuka zao na fimbo zao, wengine wametembea tangu alfajiri, maana njia walizozipita na ng'ombe zamani zilikuwa zimeshalimwa ngano na ilibidi wazunguke. Wewe ukimwona mzee, kabla ya kadi, kabla ya kumuuliza anaumwa nini, ulimwambia shikamoo, baba. Yule mzee aliyezoea kufokewa na walinzi wa shamba alisimama wima kidogo, akakuitikia, ndipo akakuonyesha kidonda. Wenzako walikucheka kwa jambo hilo.

Ndiyo, nimeshafika kwa wenzako. Niliwaambia ndugu nitajaribu tu, sikuahidi.

Kila siku saa nne zahanati ile ilisimama. Wagonjwa wako kwenye benchi, vumbi la kombaini linawaingia machoni, na manesi wamejifungia chumba cha dawa wanakunywa chai na kupeana ushauri. Wenyewe walikiita kikao cha kazi. Kazi gani? Mkuu wao alikuwa Fabiola, mwenye saa iliyobanwa kifuani na maoni juu ya kila kitu kilichoumbwa. Ulikuwa ukija nyumbani unatuigizia, na mama alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu, ingawa mimi nilikuwa nasonya.

"Mgonjwa usimwamkie," Fabiola alikuwa anafundisha huku anamenya yai. "Ukishamwambia shikamoo umempa cheo. Kesho atakuamrisha."

"Kweli kabisa, dada Fabiola," anaitikia Zita, aliyekuwa mdogo kuliko wote pale na hakuwa na maoni yake hata moja.

"Na hawa Mang'ati wa shuka na fimbo, hata kama dawa yake ni kidonge, wewe mchome kwanza sindano ya maji. Asipoumia hasemi ametibiwa."

"Kweli kabisa."

"Mama anayepiga kelele leba mwache peke yake. Akikosa wa kumsikiliza, mwenyewe atanyamaza. Na ninyi mkitoka zamu msinywe maji baridi, yanaleta baridi yabisi. Mimi nimesoma."

Alisoma! Siku walipohitimu walishika mishumaa mbele ya wazazi wao wakaapa kumhudumia kila mtu. Mshumaa uliisha nta, na kiapo nacho sijui kilikwenda wapi.

Lakini kuna jambo moja ulilompendea Fabiola, na ulinikataza nisimseme vibaya kwa ajili hiyo. Alikuwa anaikemea metimani. Wasiotoka kwetu huenda hawaijui: ni ile mila ya watu wetu wa mlimani ya kumtenga mama aliyeharibikiwa mimba au aliyefiwa na kichanga. Haendi kwa watu, watu hawaji kwake, havuki kijito wanachochota wengine, chombo chake hakichanganywi na cha mtu, mpaka apate mimba nyingine. Serikali ilikwisha kuipiga marufuku na padri aliikemea mimbarini. Naye Fabiola siku za kliniki alisimama mbele ya akina mama akasema, "Kufiwa siyo uchafu. Mwanamke aliyefiwa anahitaji chai na mtu wa kukaa naye. Acheni giza." Ulikuja ukatusimulia kwa furaha. Ulisema, "Huyu dada ana mdomo, lakini hapo amesema."

Basi mimba yako ya tatu ikafika mwezi wa nane, na mtoto akanyamaza tumboni.

Ulijifungulia palepale zahanati, ukamwona mtoto, ukamfunika mwenyewe. Sebastiani mume wako alimzika. Uliniambia maziwa yalikuja hivyohivyo, hayakujua kuwa hakuna mtu wa kuyanyonya, na hilo ndilo lililokuliza kuliko yote. Ukapumzika likizo yako, ukafua sare yako, ukapiga pasi, ukarudi kazini.

Saa nne ukaingia chumba cha dawa kunywa chai na wenzako. Vikombe vyao vilikuwa kwenye sinia kama kawaida, na chako hakikuwepo. Kile cha bati chenye ukingo wa kijani, nilichokupa mimi ulipoanza kazi, kilikuwa kimewekwa peke yake dirishani, kimefunikwa na kisosi.

"Hiki kimefanya nini huku?" ukauliza.

Zita akaangalia sakafu. Fabiola akaangalia saa yake. "Ni mambo ya usafi tu, Tekla. Utaratibu mpya. Kila mtu na kikombe chake."

"Na vyenu mbona viko pamoja?"

"Usianze, Tekla. Bado una uchungu, tunakuelewa."

Wanakuelewa! Walipomaliza kunywa waliviosha vyao vyote kwenye beseni moja. Chako wakakuachia. Wiki ile ile Fabiola akakutoa leba, akakuweka chumba cha kufunga vidonda. Alisema kitaalamu ni vizuri upumzike kushika wajawazito, kwa ajili ya afya ya moyo wako. Wajawazito wenyewe, wake wa wafanyakazi wa shamba, wakaanza kukupisha njiani kwa mbali, na nani aliyewaambia kama siyo wale wale wa kikao? Neno metimani halikutamkwa hata mara moja. Wangelitamkaje, na wao ndio waliolikemea?

Sikia, mimi simdharau bibi wa mlimani anayeogopa. Huyo anaogopa waziwazi. Anasimama ng'ambo anakuita kwa jina, anakwambia, mwanangu, usivuke hapa, na machozi yanamtoka. Hawa wasomi wetu waliogopa vilevile kama yeye, ila wao waliogopa kwa Kiswahili cha hospitali, wakataka uwashukuru. Watu gani hao? Hawana mila wala hawana elimu, wana sare tu.

Mama akasikia. Alijifunga kanga mbili, akapanda basi mpaka Haydom, akaulizauliza magari mpaka akapata lori la shamba. Na mama yetu ndiye aliyekuwa na haki ya kuogopa kuliko wote, maana alipofiwa na mtoto wake wa kwanza alikaa ndani ya metimani masika yote, yeye na baba, hata mbuzi wao wakichungwa mbali na mbuzi wa watu. Anaijua. Imo ndani ya mifupa yake mpaka leo. Akafika zahanati saa ya chai, akaingia.

"Shikamoo, mama! Karibu, mama! Karibu kiti!" Wote wamesimama. Kwa mama wa nesi shikamoo ilikuwepo, kumbe inategemea mtu ni wa nani. Fabiola akamimina chai kwenye kikombe kizuri cha kwenye sinia, akampa kwa mikono miwili.

Mama hakukipokea. "Nipe kile cha mwanangu," akasema.

Ukakitoa dirishani ukamimina. Mama akanywa nusu, akakupa ukamalizia, akafuta mdomo kwa kanga. Halafu akawaambia, "Chai yenu haina sukari." Akatoka kukaa na wagonjwa kwenye benchi mpaka ulipomaliza zamu. Hapo mtu mwenye haya angejificha chini ya meza. Wao kesho yake walikirudisha kikombe dirishani.

Masika yakaja, na Zita akashikwa na uchungu. Fabiola hakuwepo, alikuwa Babati kwenye semina ya huduma bora kwa mama na mtoto. Usicheke, Tekla, mimi mwenyewe nikilikumbuka hilo nacheka peke yangu shambani. Mtoto wa Zita alitoka vizuri lakini damu ikakataa kukata. Gari la kumpeleka Haydom lilikuwa limezama kwenye ule udongo mweusi, na Sebastiani alikuwa amekwenda na trekta kulivuta. Ukatoka chumba cha vidonda mbio, na mlangoni kwa leba ukamkuta mama mkwe wa Zita ametandaza mikono.

"Wewe usimguse," akakwambia. "Mtu yeyote, lakini siyo wewe."

"Shikamoo, mama," ukamwambia. "Nipishe."

Akaitikia marahaba kabla hajajua anaitikia nini, na wewe ukawa umeshapita. Mkono mmoja juu ya tumbo la Zita, mmoja ndani, unakikandamiza kile kizazi kikaze, unamwita kwa jina asilale, huku unamwelekeza mhudumu aliyebaki namna ya kufungua dripu. Uliniambia mikono ilikufa ganzi na hukuthubutu kuitoa. Mpaka trekta lilipolivuta gari likafika. Ukapanda nyuma pamoja naye hivyohivyo mpaka Haydom. Zita akapona. Mtoto wake yule anakimbia leo.

Likizo ilipoisha Zita akarudi na kanga mpya ya kukushukuru, akalia, akakukumbatia. Saa nne mkaingia kunywa chai. Kikombe chako kilikuwa dirishani, na Zita akachukua chake kwenye sinia akakaa karibu na Fabiola.

Nilikuuliza, ukafanyaje? Ukanijibu, "Nikanywa chai, dada. Ilikuwa ya moto." Mimi ningewamwagia. Mkono wako uliingia mpaka kwenye kizazi cha yule binti, lakini kikombe chako kisingeingia kwenye beseni lake. Mpaka leo nikichuma mboga nalifikiria jambo hilo na kisu kinanitoka mkononi.

Halafu ukapata mimba tena. Ilipoanza kuonekana kwenye sare, mambo yakabadilika ghafla, na kila mtu wa kwetu anajua ni kwa nini, maana ndivyo mila inavyosema: mimba mpya inakutoa. Siku hiyo saa nne Fabiola mwenyewe, kwa mikono yake, alikiosha kikombe chako akakiweka katikati ya sinia. Uso mkavu kabisa, kama si yeye.

"Karibu, Tekla," akasema. "Leo kuna mkate."

Ukaenda kwenye sinia. Ukachukua kikombe chako, ukamimina chai, ukarudi nacho dirishani. "Asante, dada Fabiola," ukasema. "Huku nimezoea, kuna upepo."

Lo, Tekla! Uliponisimulia hilo nilipiga vigelegele jikoni mpaka majirani wakaja kuuliza nani kaolewa. Na hukurudi mezani kwao tena. Kila siku saa nne, wao huko wanashauriana, wewe dirishani na kikombe chako, unawatazama wagonjwa kwenye benchi, na ukimwona aliyezidiwa unaweka chai chini unatoka. Nikolausi akazaliwa, mzima, mnene, na bado ulikunywa dirishani.

Ugonjwa wa uti wa mgongo ulipoingia kwenye makambi ya vibarua, kikao cha chai kilikuwa na maoni mengi sana. Fabiola alishauri kila nesi ajikinge, na yeye mwenyewe akajikinga vizuri kwa kwenda kwao, eti ameuguliwa na ndugu. Wewe ulikaa na wagonjwa. Ukaugua Jumatatu, na Haydom walikupokea wakahangaika nawe kwa kila walichokuwa nacho, tunawashukuru. Ulipopata fahamu kidogo ulimshika Sebastiani mkono. Hukusema mambo makubwa. Ulisema, "Kikombe changu kisibaki kule."

Kiko hapa, mdogo wangu. Sebastiani alikifuata kabla hata hatujakuzika.

Sasa nifike kwenye mazishi yako, maana hapo ndipo moyo wangu ulipokwama. Walikuja wote, sare zimepigwa pasi, kofia vichwani. Fabiola akasimama kando ya jeneza na karatasi. Akasoma kwamba ulikuwa mwenzao, kwamba mlishirikiana kwa kila jambo, na kwamba, nanukuu, "tulikunywa naye kikombe kimoja." Yoakimu kaka yetu alinibana mkono mpaka ukawa mwekundu. Nilinyamaza kwa heshima ya mwili wako, si kwa kitu kingine.

Baada yake akasimama mzee Gidamis, aliyetoka Hirbadaw na fimbo yake. Hakuwa na karatasi. Alisema, "Huyu alikuwa ananiamkia." Akakaa. Nililia pale, Tekla, kwa mara ya kwanza.

Nilitaka kumbukumbu hii iishie hapo, niwatukane kidogo na nimalize. Lakini mwezi huu Sebastiani alimpeleka Nikolausi kliniki, akapita mlango wa chumba cha dawa saa ya chai. Dirishani palikuwa na kikombe, peke yake, kimefunikwa na kisosi. Akamuuliza mhudumu ni cha nani.

Ni cha Zita. Mimba yake imeharibika.

Sebastiani alipotuambia, mimi nilisema vizuri, na aonje. Nilisema kwa sauti, sikunong'ona. Mama akaacha kupepeta mahindi akanitazama. Mimi nilishajua wewe ungesema nini, na nikakasirika nawe pia, maana hata kaburini hunipi nafasi ya kumchukia mtu kwa raha zangu. Ungesema, "Mpe chai, dada, inapoa."

Haya. Nimeshindwa.

Kwa hiyo ndugu, jamaa na marafiki, misa ya kumwombea Tekla itakuwa Jumamosi hii hapa Masieda, na baada ya misa kutakuwa na chai nyumbani kwa mama. Wote mnakaribishwa. Sukari ipo. Kikombe kitakuwa kimoja tu, cha bati, chenye ukingo wa kijani.

Zita, mwanangu, utakunywa wa kwanza. Usije na zawadi wala usije na maneno. Pole sana kwa mtoto wako. Mama atakunywa baada yako, kisha mimi, kisha Sebastiani na watoto, kisha mzee Gidamis kama miguu itamfikisha.

Nawe Fabiola, ulisema mbele ya jeneza kwamba mlikunywa kikombe kimoja. Watu wote walikusikia. Njoo Jumamosi ulifanye neno hilo liwe kweli, mbele ya watu wale wale. Shikamoo yangu utaipata mlangoni, na kikombe kitakufikia kikiwa kimeshapita midomo ya Zita. Usipokuja, tutajua kilichokuzuia, na usituambie ni usafi.

Unakumbukwa, Tekla, na mume wako Sebastiani Sulle, watoto wako Julius, Justina na Nikolausi, ambaye sasa anatembea na anavunja vitu, mama yetu, kaka yako Yoakimu, dada yako Perpetua, aliyejaribu kuwa mpole, na wale wote uliowapashia mikono joto kabla ya kuwagusa.

Pumzika, mdogo wangu. Siku zote tutakukumbuka, na kikombe chako hakitakaa dirishani tena.